Gome Alilopewa Kaberia

Mimi ndiye niliyemwelekeza Kaberia nyumbani kwa dada yangu. Naanza hapo kwa sababu hapa Makutano watakuambia yale yalikuwa mapenzi ya Mungu, wengine watakuambia ni laana, na hakuna hata mmoja atakayekuambia ni mdomo wa Cicily. Ni mdomo wangu. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, shemeji yangu Marete, ambaye hata hakuwa amenikosea kitu.

Dada yangu anaitwa Ciakuthii. Anakaa juu ya Katheri, pale mashamba yanapoishia na msitu wa mlima unapoanza. Watu wa vitabu huita miezi ya Juni mpaka Agosti kipupwe, jina zuri, linafaa watu wa pwani wenye upepo wao mtamu. Kule kwa dada yangu hakuna kipupwe, kuna baridi. Jua linachungulia saa sita, linaaga saa nane. Ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Shamba la viazi linaweza kulala likiwa kijani na kuamka limekuwa jeusi, limeungua kwa baridi ya usiku mmoja tu.

Hapo ndipo Ciakuthii alipolima tangu aolewe, mwaka wa Uhuru. Alikuwa na ujuzi wake. Matuta aliyainua hadi magotini ili maji yasituame kwenye mizizi. Jioni alifunika miche ya kabichi kwa mabua makavu ya mahindi, na asubuhi aliifunua mmoja mmoja, akiisemesha. Nyuma ya ukuta wa jikoni, mahali mawe yanapopata joto la moto wa upande wa pili, alipanda mchaichai, mmea ambao kila mtu alimwambia hauwezi kuishi kule juu. Uliishi. Ukimwambia dada yangu jambo haliwezekani, umempa kazi ya kufanya.

Na dawa! Kila mwezi wa tano alianza kujiandaa kwa baridi. Alitwanga vitunguu saumu akavitia kwenye asali na limau, vikae wiki tatu ndipo vitibu kikohozi. Aliyeyusha mafuta ya kondoo na majani ya mkaratusi, ya kupaka vifua vya watoto. Mtu mwenye mafua alifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani yanayochemka mpaka atokwe jasho na kuomba msamaha. Chupa nyingine alinitumia mimi, nikaziuza hapa kwenye meza yangu ya mboga. Lakini alijua mipaka yake, sikia vizuri. Mtu akija na kikohozi chenye damu, alimwambia, "Hii si yangu. Nenda zahanati, na uende leo." Nimemsikia kwa masikio yangu akimfukuza mzee mzima hivyo hivyo. Ndiyo maana nikikumbuka yaliyompata nyumbani mwake, moyo unaniuma mara mbili.

Mwisho wa shamba lake, karibu na kijito, palikuwa na mweria uliopandwa na baba mkwe wake. Mweria ni mti wa msituni. Gome lake ukilichemsha maji yanakuwa mekundu na machungu kabisa, na wazee wetu wamelinywa tangu zamani. Ciakuthii alilitoa mara moja tu kwa mwaka, mvua zikikaribia kuisha. Alibandua kipande chenye upana wa kiganja, upande wa mawio mwaka huu, upande wa machweo mwaka ujao, kisha akakipaka kidonda cha mti samadi na majivu. Akakausha, akaweka akiba ya miezi ya baridi. Mimi nilidhani ni ya magoti ya shemeji. Haikuwa ya magoti.

Marete alikuwa na ugonjwa wa wanaume wazee: mkojo haukutoka vizuri. Anaamka mara sita usiku, anasimama nje kwenye umande, anarudi na maumivu yale yale. Alikuwa mzee wa kanisa, sauti nzito ya kwaya, mtu anayevaa tai hata akienda kununua kiberiti. Ugonjwa ulipoanza alimwapisha mke wake. "Mama Kithinji," alimwambia, "ukimwambia mtu yeyote, hata mwana wetu, hata Cicily, umenivua nguo sokoni." Ciakuthii akaapa. Alimwambia waende hospitali, akakataa. Akamwambia tena mwaka uliofuata, akakataa, akanuna siku nne. Kwa hiyo akamchemshia mweria, kikombe asubuhi na kikombe jioni, na gome lile likampunguzia. Akaweza kukaa ibada nzima bila kutoka. Miaka mitatu walikwenda hivyo, na uzima wa yule mzee ulikuwa umening'inia kwenye mti mmoja na siri moja. Sisi wengine hatukujua lolote.

Basi mwisho wa Mei, mwaka wa tisini na nne, akaja kwenye meza yangu mtu mmoja wa Mikinduri, Kaberia, mwenye kofia ya ngozi na mazungumzo matamu. Akanunua asali ya vitunguu saumu. Akaniambia kuna watu wenye malori wanatafuta gome la mweria, yeye anawakusanyia, lakini msitu umekwisha kubanduliwa wote.

"Mweria?" nikacheka. "Wewe hujaona mweria. Nenda kwa dada yangu kule juu ya Katheri uone mti ambao wanaume wawili wakishikana mikono hawauzungushi!"

Nani aliniuliza? Hakuna. Nilikuwa najisifu tu. Akataka kujua dada yangu ameolewa ukoo gani. Nikamtajia. Yule mtu akatabasamu, akavua kofia. "Kumbe ni kwa watu wangu," akasema. "Sisi na wao ni gichiaro."

Kwa asiyetujua sisi Wameru nitaeleza. Kuna koo ambazo mababu walichanjana damu, wakawa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Hiyo ndiyo gichiaro. Mugichiaro wako akiingia kwako na njaa, anakula kilichoko mekoni. Akiomba kitu, hanyimwi. Na humdanganyi, uongo aliodanganywa mugichiaro, wazee husema, humrudia aliyeusema. Sisi ni Wakristo, Jumapili tunaimba mpaka paa linatikisika, lakini sijaona hata mchungaji aliyewahi kumnyima mugichiaro wake.

Yaliyofuata alinisimulia Ciakuthii mwenyewe, baadaye, wakati kusimulia kulikuwa hakusaidii tena.

Kaberia alifika Jumanne, manyunyu yakianguka. Marete alikuwa ameketi barazani na blanketi mabegani. Wakasalimiana kwa furaha, wakahesabiana mababu, chai ikaletwa. Kisha mgeni akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, nimekuja kuomba gome la mweria wako."

Ciakuthii alikuwa ameshika birika. Mwaka ule alikuwa hajabandua kipande chake. Alikuwa anangoja Alhamisi, mvua itulie. Ndani ya nyumba akiba ya mwaka jana ilibaki ya kujaza ngumi moja.

Na Kaberia hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepumzika. Lakini aliuliza mwenyewe, kwa kinywa chake. "Ila kama kuna mtu hapa anayelitumia, niambieni. Nitarudi nilikotoka, na hakuna ubaya."

Marete akatazama zizi la ng'ombe. "Chukua, ndugu. Sisi hapa wote wazima."

"Cicily," dada yangu aliniambia, "nilikuwa na neno moja mdomoni. 'Anaumwa.' Neno moja tu! Nikamtazama Baba Kithinji anitazame. Hakunitazama. Nikammiminia mgeni chai ya pili."

Kesho yake Kaberia akaja na wanaume wawili na mapanga. Ciakuthii aliinama kwenye vitunguu saumu vyake, akawapa mgongo, akapalilia mahali ambapo palikwisha kupaliliwa. Alisikia gome likichanika tangu kwenye mizizi mpaka kwenye matawi. Hakuweza hata kuwaambia waache upande mmoja, kwa sababu wangeuliza wa nini, na hapo angemfanya mume wake mwongo mbele ya mugichiaro. Walipoondoka, walimshukuru sana. Akaenda pale chini ya mti, akapiga magoti, akaokota vipande walivyoviacha kwenye nyasi. Alipata vya kujaza viganja viwili.

Viganja viwili kwa miezi mitatu ya baridi. Fikiria hapo.

Alichemsha gome lile lile mara mbili, mara tatu, mpaka maji yakatoka meupe. Mwezi wa sita majani ya mweria yakaanza kupukutika. Mti uliobanduliwa mzunguko mzima hauponi. Anajua kila mtu, na Ciakuthii alijua kuliko wote. Akachimba mizizi ya thabai, mmea wa majani yanayowasha, akaichemsha. Akamkaangia mbegu za maboga. Akamtengenezea chai ya ndevu za mahindi. Akaingia msituni siku mbili kutafuta mweria mwingine, akakuta miti imesimama myekundu, imevuliwa yote. Akateremka mpaka hapa Makutano, viatu vimejaa tope, akaniuliza kama kuna muuzaji mwenye gome la mweria. Mmoja aliyetoka Embu alikuwa nalo. Ciakuthii alilinusa, akalionja, akalirudisha mezani. Lilikuwa la mti mwingine kabisa.

Nami nikamtania! "Ala! Magoti ya Marete yanataka kumaliza msitu mzima?"

Hakucheka. Aliniangalia tu, akaomba maji ya kunywa. Kwani singeweza kumuuliza? Dada yangu ambaye hajawahi kuja mjini bila kitambaa safi kichwani, amekuja na tope, na mimi naona nafasi ya kufanya mzaha. Nilimpa maji, nikaendelea kuuza sukuma wiki.

Mwezi wa saba baridi ikashuka na nguvu zake zote, na baridi ndiyo adui mkubwa wa ugonjwa ule. Marete akaacha kunywa chai ili asihitaji kutoka. Akaacha kwenda kanisani, akasema ni kifua. Waumini walikuja kumwombea kifua, wakamletea mafuta ya kondoo, na Ciakuthii akayapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kila jioni aliendelea kufunika kabichi zake, kwa sababu kabichi hazijui kama una shida.

Halafu mkojo ukakataa kabisa. Siku ya kwanza Marete alinyamaza. Siku ya pili tumbo likavimba, likawa gumu. Ciakuthii akamwambia, "Baba Kithinji, twende hospitali, nakuomba."

"Nikafunguliwe suruali na watoto wa watu?"

Siku ya tatu hakuwa tena na nguvu ya kukataa. Jirani mwenye pikapu aliwabeba, ikakwama kwenye tope mara mbili, wakafika hospitali saa sita mchana. Mimi niliitwa nikiwa mezani, nikakimbia na aproni yangu. Nilimkuta dada amesimama ukutani, na hapo ndipo aliponiambia yote, haraka haraka, kiapo kikimtoka kama matapishi.

Muuguzi alikuwa binti mdogo, rika la wajukuu wa Marete. Akavuta pazia. Akasema, "Pole mzee, vumilia kidogo," akamwingiza mpira, na mkojo ukatoka. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Kisha nikamsikia shemeji yangu nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo sikuijua. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mzee. Tumemaliza."

Akaanza kulia. Mwanamume ambaye sikuwahi kumwona hata akikunja uso! Alilia kwa sababu alikuwa ameuficha ugonjwa miaka mitatu, na kumbe ilikuwa hivyo tu.

Lakini figo zilikuwa zimekwisha. Daktari alitueleza bila kutuzomea, na ningependa angetuzomea. Alisema gome lilikuwa linampunguzia maumivu tu, halikuwa linamponya. Alisema angeletwa mwaka juzi angepasuliwa, akarudi kulima. Ciakuthii akaitikia "ndiyo, daktari" kwa kila neno. Siku ya tano Marete akafa, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake.

Kithinji, mwana wao, akaja kutoka Nakuru na kuandika ile karatasi ya historia ya marehemu. Unajua zinavyoandikwa: "aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi." Muda mfupi! Nilisoma nikakunja karatasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini sisi tulikuwa tumeamua kuficha hata baada ya kifo.

Asubuhi ya maziko Kaberia akafika, na kofia yake mkononi, na mbuzi wa rambirambi. Nilimwona akiingia kwenye lango nikasahau kwamba ni kilioni. Nilimfuata nikamvuta koti. "Ule mti ulikuwa dawa yake! Ulimbandulia mtu uhai wake, sasa unaleta mbuzi?"

Alibaki ameduwaa. Nikamweleza, na jinsi nilivyoeleza ndivyo hasira ilivyoniishia, kwa sababu uso wake ulikuwa unazeeka mbele yangu. Akaketi chini, kwenye tope, na suti yake. "Nilimuuliza," akasema. "Mama, nilimuuliza."

"Najua."

"Angesema, ningeacha mti. Angesema, mimi nina gari, ningemchukua siku ile ile. Mimi pia singeweza kumnyima! Hawakujua hilo? Gichiaro ni njia ya kwenda na kurudi."

Na ni kweli. Mtu pekee katika Meru nzima ambaye asingeweza kuwakatalia kitu alikuwa ameketi barazani mwao, akinywa chai yao, akiwauliza kama wana shida.

Baadaye wazee wengine walinong'ona kwamba Marete ameuawa na uongo aliomwambia mugichiaro. Mimi nasema aliuawa na ugonjwa na aibu. Lakini sibishani nao sana, kwa sababu tukifuata njia zetu mbili tunafika mahali pamoja.

Kaberia akaenda kwa Ciakuthii, aliyeketi na wanawake, akapiga goti. "Mama, niombe kitu. Chochote. Shamba, ng'ombe, nitoe."

Dada yangu akasema, "Karatasi ikisomwa, wewe simama. Uwaambie kilichomuua. Mimi niliapa siwezi. Wewe hukuapa, na huwezi kuninyima."

Kithinji alisoma karatasi yake. Alipofika "kuugua kwa muda mfupi," Kaberia akasimama. Sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Ndugu yangu Marete aliumwa miaka mitatu. Mkojo ulimfunga. Aliona aibu kusema, na mimi nikachukua mti uliokuwa unampunguzia, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Hospitali ingemtibu. Wazee, kama kuna mwingine hapa, asingoje mti."

Wanaume wote wakatazama viatu vyao. Mwongera, rika la Marete, aliyetahiriwa pamoja naye, akainuka polepole na fimbo yake, akaenda nyuma ya nyumba kwenye choo, akakaa huko muda mrefu sana, na watu wote walimwona akienda na watu wote walihesabu dakika. Wiki ile ile binti yake akampeleka hospitali. Yuko hai. Anakunywa pombe ya muratina mpaka leo, na akilewa anamsifu Ciakuthii.

Kithinji hakumsifu. Alisema mama yake amemwaibisha baba yake juu ya kaburi, akarudi Nakuru bila kuaga. Nami nikabaki na dada siku chache, tukivuna vitunguu saumu kwenye ukungu. Siku moja nilimwambia, kwa nia njema, "Ulifanya vizuri, dada. Umemwokoa Mwongera."

Akatikisa udongo kwenye mizizi, akaweka kitunguu kwenye kikapu, akachukua kingine. "Usinisifu. Kiapo nimekivunja, si nimekivunja? Wote wanajua. Mume wangu amevuliwa nguo sokoni kama alivyoogopa, na mimi ndiye niliyetuma mtu kumvua. Sasa kama nilikuwa nitakivunja tu, Cicily, mbona sikukivunja nikiwa nimeshika birika?"

Nilijaribu kumshika mkono, akautoa, si kwa hasira, alikuwa na kazi.

"Nilikuwa mke mwema," akasema. "Ningekuwa mke mbaya siku ile moja, saa hii ningekuwa namchemshia uji."